Nimetajwa kuwa katibu wa kanda kwenye chama cha wasichana, nina miaka 23, nikubali?

Mwisho_wa_Reli:
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Naombeni ushauri wa kweli sio wa kunifurahisha. Niko kwenye chama kimoja cha wasichana (jina naliacha maana humu wapo wanaonijua) tangu darasa la nne, nimekulia humo, sasa hivi nafundisha wadogo kushona pedi za kitambaa, kuhesabu siku zao, kusimama mbele za watu wakaongea bila kung'ata kidole. Mwezi ujao kuna mkutano wa kanda, yaani sisi wa Kigoma, Tabora na Katavi, tunakutana Tabora, na mama zetu wa mkoa wamesema safari hii wanataka kijana, wakanitaja mimi niwe katibu wa kanda. Siku hiyo nilifurahi mpaka nikakosa usingizi.

Kesho yake nikampigia dada aliyekuwepo kwenye hiyo nafasi, yeye ana 26, akacheka kwanza ndo akaongea. Anasema mwaka mzima aliitwa kiongozi lakini kazi yake ilikuwa kusoma risala, kumvisha mgeni rasmi skafu na kupiga picha basi. Hela ikiingia anakuja kusikia imeshatumika. Muhuri unakaa nyumbani kwa mama mmoja kwenye kabati la vyombo, ukiutaka unasubiri arudi msibani. Barua zimetoka zina jina lake chini na yeye hajaandika hata mstari.

Halafu mimi nauza dagaa na mama pale Kibirizi, siku nikisafiri mama anabaki na mzigo peke yake. Baba hajakataa, amesema "wewe tu", na mnajua wenyewe "wewe tu" ya mzazi ina maana gani. Sasa nikubali au niache?

Kobe_wa_Gungu:
Hongera kwa kuwa kijana kweli. Sera ya vijana ya 2007 inasema kijana ni kuanzia miaka 15 mpaka 35 na vyama vingi wameishikilia hiyo 35 kama nguzo, unakuta mwakilishi wa vijana ana mtoto yuko kidato cha pili. Ila mdogo wangu usidanganyike, wanakutaka kwa ajili ya wafadhili, siku hizi fomu za kuombea hela zinauliza vijana wangapi wako kwenye uongozi, wewe ni namba ya kujazia hapo. Uza dagaa, dagaa hawana mgeni rasmi.

Mama_Isevya:
Marahaba binti yangu. Wewe Kobe umesema nusu, hiyo nusu nyingine ngoja niiseme mimi maana inanihusu.

Mimi ndo yule mama wa kabati la vyombo. Sio wa chama chenu, wa chama kingine hapa Tabora, lakini muhuri nilikaa nao miaka sita, umefungwa kwenye kitambaa karibu na sahani za wageni. Na sikuwa mwizi, watu wanadhani ukishikilia muhuri basi unakula. Mwanzo tulimwachia binti mmoja mzuri tu, mchapakazi, akapata mchumba Mwanza akaondoka, mfadhili anaulizia ripoti mimi naangaika na daftari lina kurasa mbili, aibu niliyoipata pale sikuisahau. Nikasema basi, nakaa nao mwenyewe. Baada ya hapo kila binti aliyekuja nilimwona kama yule wa kwanza, na ndo nikawa nawapa kipaza sauti tu. Walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, hawagombani na mimi, wanaacha tu kuja. Nilichelewa sana kuelewa kwamba yule wa kwanza hakuna aliyemfundisha kutunza kitabu, tulimpa cheo tukaenda kulala.

Mimi asili yangu ni Girl Guides, na kule haya mambo ya nani mkubwa nani mdogo ni ya tangu zamani. 1909 Baden-Powell kaita mkutano wa maskauti wake wavulana pale Crystal Palace, London, wasichana wakatokea bila mwaliko wakasema na sisi tunataka. Mwaka uliofuata akamkabidhi dada yake Agnes aanzishe cha wasichana, mtu mzima wa miaka hamsini na moja. Kufika 1918 ukuu wa wasichana ukaenda kwa Olave, mke wa Baden-Powell, ana miaka 29. Yaani wifi mdogo kapanda juu ya wifi mkubwa aliyeanza na chama, hapo pagumu hata kwetu Unyamwezini. Huku kwetu Tanganyika walianza 1928, mwaka uleule chama cha dunia kilipoundwa.

Kitu nilichokipenda kule ni kwamba hawasubiri uwe na miaka 23. Wasichana sita saba wanakaa kikundi kimoja, wanamchagua mwenzao awaongoze, ana miaka kumi na mbili huyo, na anahesabu vifaa kweli, hema likipotea anaulizwa yeye. Wewe umeanza darasa la nne, mbona kufanya unajua, ulichonyimwa ni kuulizwa.

Kubali, lakini usikubali ukiwa umesimama. Kaa nao chini ukiwa bado hujapigiwa kura, waulize muhuri utakaa wapi, nani anaandika muhtasari wa kikao, na benki wanasaini akina nani. Wakikwambia "hayo tutaona mbele ya safari" rudi Kibirizi kwa mama yako.

Binti_Kasulu:
Mama Isevya nimecheka hapo kwa mawifi lakini umeongea. Mimi ni mhasibu kwenye shirika dogo, naongezea kidogo. Dada omba katiba ya chama uisome wewe mwenyewe usisomewe, angalia kifungu cha katibu na cha fedha. Ukikuta katibu ni mmoja wa watia saini benki na hawajakuweka, hapo una pa kusimamia, hujaomba fadhila. Tena kama mmesajiliwa chini ya sheria ya NGO ya 2002 kuna ripoti ya kazi za mwaka mnatakiwa mtoe, na katibu ndo huwa anasumbuliwa nayo, kwa hiyo jina lako litabeba mzigo hata kama hela hujaiona. Barua yenye jina lako ambayo hujaiandika usiione ndogo.

Na nauli ziulize mapema. Treni ya kwenda Tabora, kulala, kula, na ile siku ya biashara iliyopotea, mabinti wengi wanaacha uongozi sio kwa sababu hawawezi, wamechoka kujigharamia.

Kobe_wa_Gungu:
Haya mama nimekubali nusu yako. Dagaa nitauza mimi siku akisafiri, anipe asilimia.

Mtoto_wa_Ujiji:
Kobe wewe dagaa utawala. Dada nenda bana, leo kanda kesho Afrika. Hao Girl Guides wana vituo vinne vya dunia, Uswisi, London, India na Mexico, cha tano kikaja Afrika kinaitwa Kusafiri, Kiswahili chetu kabisa, na hakikuanza na jengo, kilikuwa kinahama nchi mpaka nchi. Wewe unaogopa Tabora?

Mwisho_wa_Reli:
Asanteni sana, Mama Isevya shikamoo tena. Jana nilienda kwa mama mwenye muhuri, nilibeba na dagaa kidogo maana huendi kwa mtu mikono mitupu. Nikamuuliza yale matatu kama nilivyofundishwa, kwenye la benki alinyamaza muda mrefu, akaenda jikoni akarudi, akasema nilete picha ndogo mbili za paspoti na kitambulisho cha NIDA. La muhuri bado, anasema tutaanza kwa kukaa nao wiki wiki, yeye wiki yake mimi wiki yangu. Muhtasari nitaandika mimi. Baba nilipomwambia kuhusu benki akaweka redio chini akauliza benki gani.

Swali moja Binti Kasulu, wamenipa masurufu elfu arobaini ya maandalizi hapa mjini na wanataka risiti zote, sasa bodaboda risiti naipata wapi?

Binti_Kasulu:
Chukua daftari, andika tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, namba ya pikipiki na ya simu, halafu dereva asaini palepale kabla hujashuka. Ukishashuka humpati tena.