UKOO WA BI MWANAIDI 🌴 (Salim kaitwa "milquetoast")

Da Zuhura, 07:12
Asalaam aleikum ndugu zangu. Naomba kila mtu asome hapa asipite tu. Juzi huko Ohio supavaiza wa Salim kamwambia mbele ya wenzake eti yeye ni "milquetoast", kisa kakubali kubadilishiwa shifti mara ya 3 mwezi huu bila kubishana. Jumapili saa 2 usiku tupige simu ya pamoja tumsaidie kuandika barua kwa wakubwa wa kazi. Nani yupo??

Da Zuhura, 07:48
Watu 26 wameshasoma jamani

Twaha, 08:05
Milktosti?? Si chakula hicho 😂 niwekee viwili na chai ya rangi

Da Zuhura, 08:06
Twaha sio muda wake

Mwl Rehema, 10:22
Samahani nilikuwa darasani. Twaha kapatia bila kujua, ni chakula kweli. Mkate wa kuchoma unamwagiwa maziwa ya moto na siagi kidogo, Wamarekani wa zamani walikuwa wanampa mgonjwa au mtoto kwa sababu hausumbui tumbo. Sasa mwaka 1924 mchora katuni mmoja H. T. Webster akaanza kuchora kwenye gazeti la New York World bwana mmoja mwoga sana, akampa jina Caspar Milquetoast, yaani chakula hichohicho ila kakiandika kama Kifaransa. Katuni yenyewe iliitwa The Timid Soul. Watu wakaipenda mpaka jina la yule bwana likawa la kumkebehi yeyote asiyeweza kusema hapana. Waingereza nao wanalo lao, milksop, mkate uliolowekwa kwenye maziwa, Chaucer kalitumia tangu karne ya 14. Kwahiyo Salim hujaitwa mjinga, umeitwa mdebwedo

Twaha, 10:24
MDEBWEDO 😂😂😂

Mwanahawa, 10:31
Mimi Jumapili nipo

Salim, 15:50
Ahsante mwalimu. Mimi sikujua maana yake, wenzangu walipocheka na mimi nikacheka. Hicho ndo kinaniuma, kwamba nilicheka

Mwl Rehema, 15:58
Pole mdogo wangu. Huyo Caspar kuna mchoro kasimama kwenye mvua kubwa anamsubiri mtu anayetaka kumkopa hela, anajisemea nangoja saa moja tu tena asipotokea akakope kwa mwingine

Hamisi, 16:03
Huyo mbona namfahamu, 2019 pale stendi ya Tanga na bahasha ndani ya koti

Hamisi, 16:04
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Da Zuhura, 16:04
Hamisi nimeuona

Anko Jumbe, 16:10
Na mimi nimeuona. Mwenye la kusema aseme kwa jina. Hela niliomba sikuiba, na ile pikipiki kila mtu humu anajua ilivyoishia

Twaha, 16:11
Marehemu pikipiki 🕊️

Da Zuhura, 16:11
Twaha!!! Jamani tunaongelea barua ya Salim

Bibi, 17:36
🎤 0:52

Mwl Rehema, 17:44
Kwa mlio kazini bibi anasema hivi: "Nilipotoka hospitali Salim ndiye alinilisha mkate wa kuloweka kwenye maziwa, kwa kijiko, siku 12, huku akinipangusa kidevu. Nyie wengine mlikuwa mnapita mlangoni mnauliza bibi anaendeleaje. Mkate huohuo ndio ulioniinua. Mzungu amwite atakavyo, humu ndani nisilisikie hilo neno. Na wewe Jumbe mwanangu, mvua ile ilimnyea Salim, hela ya mtoto irudi."

Anko Jumbe, 20:19
Nimesikia mama. Tutaongea

Hamisi, 20:40
Samahani bibi

Da Zuhura, 21:02
Sasa Jumapili? Mpaka sasa ni mimi, Rehema na Mwanahawa tu

Salim, 21:15
Da Zuhura saa 2 yenu huku ni saa 7 mchana nitakuwa kazini, leo asubuhi wamenibadilishia tena

Da Zuhura, 21:15
Mara ya 4???? Basi Jumamosi

Twaha, 21:17
Jumamosi mimi niko safarini, kweli sio utani

Mwl Rehema, 21:30
Mimi naanza kuandika. Salim nitumie tarehe zote walizokubadilishia

Salim, 21:33
Sawa mwalimu. Hilo neno tuliweke kwenye barua au tuliache?

Da Zuhura, 21:33
Tuliweke

Mwl Rehema, 21:34
Tuliache