Zebaki ikishaingia baharini inageukaje hadi ikajaa kwenye samaki?

Pwelele: Wakuu naomba kueleweshwa. Nasikia zebaki kwenye maji ya bahari kuu haifiki hata nanogramu moja kwa lita, sasa inakuwaje papa na jodari wanakutwa nayo nyingi hadi wajawazito wanaambiwa wapunguze kuwala? Na kule katikati hakuna kiwanda wala mgodi, inafikaje?

Mkunazi: Nyingi inatoka hewani mkuu. Makaa ya mawe yakichomwa, wachimbaji wadogo wakichoma lile donge la dhahabu na zebaki, volkano nazo, inapaa kama mvuke na mvuke huo unakaa angani miezi kadhaa unazunguka dunia nzima, ukishaoksidika ndo mvua inaushusha. Baharini inashikana na kloraidi ya chumvi na mabaki ya viumbe, halafu pale juu jua linairudisha tena kuwa gesi, nyingine inapaa upya.

Taa_wa_Kina: Mkunazi kasema kweli ila hiyo siyo inayojaa kwenye samaki. Inayojaa ni methilizebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni na hidrojeni. Inatengenezwa na vijidudu vyenye jeni mbili, hgcA na hgcB, zilijulikana 2013 tu, na vingi vyao vinaishi pasipo oksijeni. Kwenye bahari kuu inapatikana zaidi mita mia kadhaa chini, pale mabaki ya planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) yanapozama huku yanaoza na oksijeni inapungua. Juu kwenye mwanga jua linaivunja, kwa hiyo samaki anayewinda kina kirefu mara nyingi anakuwa nayo zaidi kuliko wa juu juu. Kuruka kukubwa kuliko kote ni kutoka kwenye maji kuingia kwenye planktoni, baada ya hapo kila anayemla mwenzake anarithi karibu yote na kuitoa mwilini inachukua muda mrefu, jodari mkubwa anaweza kuwa na mara milioni na zaidi ya iliyoko majini.

Pwelele: Duh, asanteni sana. Na ukimchemsha vizuri au kumkaanga si inatoka?

Taa_wa_Kina: Haitoki. Imeshikana na salfa ya protini ndani ya nyama yenyewe, siyo kwenye mafuta wala ngozi, hata umkaushe bado ipo. Mjamzito asiache samaki jamani, mtoto anawahitaji, achague wadogo wenye maisha mafupi kama sadini, papa na nduaro awaache.

Mkunazi: Na ule ugonjwa wa Minamata Japani, wa watu waliokula samaki wenye zebaki, uliotambuliwa rasmi 1956, pale kiwanda kilimwaga methilizebaki yenyewe moja kwa moja kwenye ghuba kwa miaka mingi, haikusubiri vijidudu.