Ofa ya pauni 40,000 Uingereza: viza ya Skilled Worker (ya kazi kwa wenye ujuzi) inatoka au haitoki?

Mdadisi_K
Wakuu, kampuni kubwa ya London imempa ofa mtaalamu wa programu za kompyuta, miaka 24, aliyeko nje ya Uingereza. Mshahara wa msingi pauni 35,000, posho ya nyumba 5,000, saa 40 kwa wiki, mkataba wa miaka 3. Wanadai 40,000 inatosha. Lakini tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara kwa viza hii si 41,700? Na gharama ni za nani?

Kifungu
Mkuu, posho isahau. Kinachopimwa ni mshahara wa msingi ulioandikwa kwenye mkataba. Nyumba, bonasi na ovataimu havimo. Kwa hiyo tunaongelea 35,000.

Hiyo 41,700 nayo si ya kila mtu. Aliye chini ya miaka 26 siku ya kuomba anahesabiwa kama anayeanza kazi: 33,400, au asilimia 70 ya kiwango cha fani yake kwenye jedwali la serikali, kile kilicho kikubwa. Wengi wanachemka hapa, kwa sababu jedwali limepigwa kwa saa 37.5 kwa wiki. Tuseme linasema 48,000. Asilimia 70 ni 33,600, safi. Ila kwa saa 40 inakuwa 35,840, na huyo kijana kapungukiwa pauni 840. Ombi linakataliwa. Wapandishe msingi au wapunguze saa kabla cheti cha udhamini, yaani hati ya mwajiri anayotumia mfanyakazi kuomba viza, hakijatolewa.

Saa_Sita
Naongezea kuhusu cheti. Kwa aliye nje, mwajiri anakiomba kimoja kimoja kwenye mfumo wa wadhamini; vile vya mgao wa mwaka ni vya walio tayari ndani ya nchi. Kikishatolewa kina miezi 3 tu, kwa hiyo mtihani wa Kiingereza ufanywe mapema. Tangu tarehe 8 Januari 2026 anayeomba viza hii mara ya kwanza anatakiwa Kiingereza cha ngazi ya B2, si B1 ya chini yake tena.

Bi_Hesabu
Gharama: tozo ya ujuzi (anayotozwa mwajiri kwa kumdhamini mfanyakazi kutoka nje) tangu Desemba 2025 ni 1,320 kwa mwaka kwa kampuni kubwa, 480 kwa ndogo. Miaka 3 ni 3,960, na ni ya mwajiri peke yake. Kumkata mfanyakazi, hata kidogo kidogo kwenye mshahara, kunahatarisha leseni ya udhamini. Ada ya afya (ya kutumia huduma za afya za serikali), 1,035 kwa mwaka, hulipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba: 3,105. Hiyo mfanyakazi anaweza kubebeshwa, basi aijadili kabla ya kusaini.

Mdadisi_K
Shukrani. Miaka 3 ikiisha?

Kifungu
Atakuwa na 27, umri haumbebi tena. Atapimwa kwa kima cha siku hiyo, si cha leo. Nafuu ya wanaoanza inaruhusu hadi miaka 4 kwa jumla, kwa hiyo aombe cheti cha miaka 4 sasa hivi. Kampuni itaongeza 1,320 ya tozo, naye atalipia mwaka mmoja zaidi wa ada ya afya.