Tupeane uzoefu: kupunguza wanga na kuacha vyakula vya viwandani katika nyumba inayokula ugali

Mwanzisha mada
Wadau, habari za leo. Ninaomba waliopunguza wanga na kurudi kwenye vyakula visivyopita kiwandani watueleze walichokula hasa na kilichowashinda. Nadharia zimejaa kila mahali. Kinachokosekana ni habari ya mtu mwenye watoto, wageni wa mwisho wa wiki na sufuria moja ya ugali wa wote. Angalizo langu ni moja: tunapotaja chakula cha mababu, tukumbuke kwamba mahindi na mihogo asili yake ni bara la Amerika, na kwamba wazee wa Dodoma na Singida walisonga mtama, uwele na ulezi. Hawakukwepa wanga, ila hawakujua soda, majarini wala unga uliokobolewa ukabaki mweupe pe.

Mama Dagaa, Mwanza
Nilianza kwa sababu ya uzito uliopanda baada ya uzazi wa tatu. Sikununua kitu cha duka kubwa, kwani orodha zenye unga wa lozi na mafuta ya bei mbaya zingenifilisi mapema. Sahani yangu ni dagaa au sato wa kuchemsha, pamoja na bakuli zima la mnavu, mgagani au matembele yaliyoungwa kwa karanga. Ugali haukuondoka mezani, ila mimi namega matonge mawili tu. Kuhusu dagaa, wale walioanikwa mchangani huondolewa vichwa, huoshwa kwa maji ya moto mara mbili au tatu, kisha hukaangwa taratibu mpaka wakauke; ukiwaharakisha, mchanga utausikia kwenye meno, na watoto hawatawagusa tena. Asubuhi ndipo penye kazi, kwa kuwa chai bila andazi kwetu si chai. Sasa nakula mayai ya kuchemsha na parachichi, na chai nakunywa kavu.

Mstaafu wa Tanga
Nina kisukari cha aina ya pili, na nilikuwa nikimeza glibenklamaidi. Kabla ya kupunguza wali na chapati nilikwenda kliniki, ambako daktari alinieleza kwamba dawa hiyo huisukuma kongosho kutoa insulini hata pale mtu asipokula wanga, hivyo anayebadilisha mlo ghafla huku akiendelea na dozi ileile anaweza kushukwa na sukari mpaka akapoteza fahamu. Dozi ikapunguzwa, nikaagizwa kupima asubuhi na saa mbili baada ya kula, na kuandika kila kipimo. Daftari hilo limenifundisha kuliko ushauri wa majirani: muhogo wa nazi, chakula cha asili kabisa, ulipandisha sukari yangu sawasawa na mkate, ilhali samaki wa kupaka hakuigusa. Kumbe asili ya chakula na wingi wa wanga ni mambo mawili, ingawa humu tunayafunga kitita kimoja. Wenzangu wa sindano za insulini, msianze bila daktari.

Layoni, Arusha
Shikamoo mzee wa Tanga. Ninaunga mkono hoja yako, kwa sababu sisi Wamasai tunatajwa kana kwamba tulikula nyama kila siku. Nilikolelewa, chakula kilikuwa maziwa; nyama ilisubiri sherehe, ugonjwa au mgeni mzito, na supu yake ilichemshwa na magome ya miti. Hata Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, pamoja na uwindaji wao, wanakula asali, ubuyu na mizizi wanayochimba, kwa hiyo si mfano wa watu wanaokimbia wanga. Mimi nimerudisha maziwa mgando tu. Ya dukani soma lebo kwanza, maana mengi yametiwa sukari.

Mwanzisha mada
Ahsanteni. Mnayosema yananikumbusha utafiti wa Kevin Hall na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2019. Watu 20 walikula vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi kwa wiki mbili, na visivyosindikwa kwa wiki mbili nyingine, milo yote ikiwa imepangwa kulingana kwa nishati, sukari, mafuta na wanga, ila kila mmoja akiruhusiwa kula kiasi atakacho kati ya alivyoandaliwa. Walipokuwa kwenye vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka uzito. Kwa maoni yangu, nyumba yenye watoto ianze kwa kuondoa soda, juisi za pakiti, soseji na biskuti. Kiasi cha wanga kila mtu mzima atakipanga mwenyewe kulingana na afya yake. Sasa ninauliza watu wa pwani: Ramadhani mnafanyaje, na futari yote ni mihogo, viazi, magimbi na tambi za sukari?

Bi. Mkunazini, Unguja
Ninafungulia maji na tende moja, ninaswali, kisha ninakula supu ya pweza na mbaazi za nazi kabla ya kugusa kingine chochote, kwa sababu tumbo likishatulia, kipande kimoja cha muhogo kinatosha. Tambi ninawapikia wageni. Mama mkwe alinuna mwaka wa kwanza. Mwaka huu ameniomba nimpunguzie sukari kwenye uji wake.