Elektivi ya afya ya jamii ng'ambo: Pemba, Jamkhed, Vellore au Uingereza?

MwanaLangoni

Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tano, mzaliwa wa mtaa wa Langoni hapa Amu (Lamu), Kenya. Chuo kinaturuhusu kwenda nje ya nchi kwa elektivi, yaani mafunzo ya vitendo ambayo mwanafunzi hujichagulia mwenyewe, mradi tuwe na barua ya kukubaliwa na msimamizi wa kututilia sahihi. Wenzangu wengi wanakimbilia upasuaji na magonjwa ya moyo. Mimi nataka afya ya jamii, kwa sababu nikimaliza ninarudi huku kwetu, na huku kazi kubwa haiko wodini. Iko kwenye vijiji vya mbali kama Kizingitini, Ndau, Kiwayu, Mkokoni, ambako mgonjwa akizidiwa swali la kwanza ni kama maji yamejaa au yamekupwa.

Nimebaki na njia nne: Pemba; Jamkhed kule Maharashtra, India; Vellore, India vilevile lakini kusini; na Uingereza, kwenye kliniki ya daktari wa familia. Cuba niliifikiria, maana serikali yetu ilipeleka madaktari huko 2018 wasomee udaktari wa familia, ila Kihispania sina. Baba anasema niende mbali nione dunia. Mama anauliza Pemba kuna nini ambacho Amu hakuna. Waliowahi kwenda, au kupokea wanafunzi, nisaidieni kulinganisha.

Daktari_Malindi

Waaleikum salaam. Uingereza tuiondoe mapema. Viza yao ya mgeni inamruhusu mwanafunzi wa udaktari kufanya elektivi, lakini bila malipo na bila kumtibu mgonjwa. Utakaa pembeni uangalie. Kuna la kuona, sikatai: karibu kila mtu amesajiliwa kwa daktari wa mtaani kwake, na mgonjwa akitoka hospitali barua humfuata daktari yule. Sisi Malindi mgonjwa akitoka wodini kurudi Marafa, zahanati ya kwao haijui alilazwa kwa nini. Lakini nauli, bima na kodi ya chumba kule ni mzigo mzito kumtwika mzazi kwa ajili ya kuangalia.

Jamkhed ni habari nyingine. Raj na Mabelle Arole, madaktari, mume na mke, walianza kazi pale 1970 katika nchi ya ukame na ufukara. Waliona watoto wanakufa kwa mambo yasiyongoja daktari: maji machafu, kuhara, njaa, uzazi usio na wa kuutazama. Wakaviachia vijiji vichague wanawake wao wenyewe, wengi wasiojua kusoma, wengine wa matabaka yaliyodharauliwa hata kisimani hawasogelewi. Wanawake wale wakafundishwa kuzalisha, kupima watoto, kufuatilia wagonjwa wa ukoma na kifua kikuu. Aliyekuwa akitengwa akawa ndiye anayegongewa mlango usiku.

Sisi 2023 tuliwapa wahudumu wetu wa afya ya jamii mikoba ya vifaa, na nilifurahi kwa dhati. Lakini mkoba peke yake haumshiki mtu kazini. Kumrudisha mhudumu darasani kila mara, kumsikiliza, kumfanya aendelee mwaka wa kumi kama wa kwanza, hilo Jamkhed wanalijua. Ningekuwa wewe ningeenda huko.

Kaka_Mambrui

Mimi nilienda Vellore. Chuo cha udaktari cha pale kilikua kutokana na kliniki ya Ida Scudder ya 1900, na idara yao ya afya ya jamii ina hospitali yake Bagayam, nje kidogo ya mji. Kazi imepangwa ngazi kwa ngazi: mhudumu wa kijiji, msaidizi wa afya, muuguzi, ndipo daktari. Mjamzito asipoonekana kliniki kuna mtu wa kwenda kubisha hodi kwake. Walimu wanafundisha kwa Kiingereza, na wanafundisha hasa.

Shida ni kwamba wagonjwa wanasema Kitamili. Bibi mmoja alizungumza kwa muda mrefu, mara ameshika goti, mara anaonyesha paa, mwisho akajifuta machozi kwa ncha ya sari. Muuguzi akanigeukia: "Anasema goti linauma." Mambo ya paa sikuyajua hadi naondoka. Wodini ningesoma picha ya eksirei ikatosha. Katika afya ya jamii, lile la paa ndilo tulilolifuata nyumbani kwake. Jamkhed nako utakutana na Kimarathi, hali itakuwa ile ile.

Mkunga_Faza

Mwanangu, mimi sijaenda ng'ambo, lakini wanafunzi wa ng'ambo nimewapokea. Ni watoto wazuri, wana adabu, wanajituma. Nikupe moja. Mama mjamzito presha ilimpanda, tukamwandikia rufaa ya kwenda King Fahd, hospitali kubwa ya Amu, hakuondoka mchana ule. Mwanafunzi akaandika kwenye daftari lake: mgonjwa amekataa rufaa. Nikamchukua hadi ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki, boti imekaa juu ya tope, na nahodha ameketi kando yake akingoja. Yule mama alikuwa amekwisha kufunga nguo zake tangu adhuhuri. Maji yalipojaa akapelekwa.

Basi na wewe ukienda ugenini utakuwa yule mwenye daftari. Chagua mahali ambapo utaweza kumuuliza mgonjwa mwenyewe kwa nini hakuondoka. Kwa hilo mimi nasema Pemba.

Mpemba_Malindi

Nimuunge mkono Bi Mkunga, na mama yako nimjibu swali lake. Wawi, karibu na Chake Chake, kuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iko tangu 2000, imefanya kazi kubwa ya minyoo na kichocho. Kuanzia 2011 hadi 2017 Unguja na Pemba zililinganisha njia tatu za kupigana na kichocho: sehemu moja watu walipewa dawa ya prazikwanteli tu, nyingine dawa pamoja na kuua konokono wanaokieneza, nyingine dawa pamoja na kubadilisha mazoea ya watu kwenye maji. Kichocho kilishuka sana, lakini hakikwisha. Kwa mtu wa afya ya jamii, kwenda kuona kwa nini hakikwisha ni darasa zima: watoto wanaoogelea kijito kile kile, wanawake wanaofua pale pale kwa kuwa bomba liko mbali.

Safari haina makuu. Mkenya hahitaji viza. Basi la Mombasa hadi Tanga kupitia Lungalunga, kisha meli. Uliza siku ya meli kabla hujaondoka. Afya Zanzibar ina wizara yake, kwa hivyo kibali usikiombe bara.

Daktari_Malindi

Hoja ya lugha naikubali, ni nzito. Wasiwasi wangu ni kwamba Pemba ni nyumbani mno. Bahari ile ile, dini ile ile, chakula kile kile. Mtu huona upya akiwa pageni. Mwanafunzi aliyekulia Amu hatauliza kwa nini mkwe ndiye anayeamua mjamzito aende hospitali au asiende, kwa sababu kwao ni hivyo hivyo.

MzeeMkomani

Daktari, ruhusa nikupinge kidogo. Tunavyoviona kila siku navyo vina elimu ndani yake. 2004 chikungunya, homa ya mbu inayoumiza viungo, ilipoingia Amu ilikadiriwa kuwapata robo tatu ya wakazi wa kisiwa. Watu walitembea wameinama kama wazee. Wataalamu waliihusisha na ukame: maji yalikuwa ya shida, yakawekwa ndani siku nyingi bila kubadilishwa, mbu akazaliana humo. Mwaka uliofuata maradhi yakawa Komoro.

Wazee wetu waliweka samaki wadogo ndani ya birika la kuhifadhia maji nyumbani, wale viluwiluwi vya mbu. Nyumba ngapi leo zina birika lenye samaki, na ngapi zina mapipa ya plastiki yasiyo na samaki wala kifuniko? Kijana wa kuhesabu hayo nyumba kwa nyumba hapa Mkomani hatujampata bado. Akienda Pemba akarudi na ujuzi wa kuhesabu, mimi nitamfungulia milango ya mtaa huu.

MwanaLangoni

Ami, nimeipokea hiyo ahadi, na hesabu ya mapipa nitaiweka kwenye maombi yangu kama kazi ya kufanya nikirudi. Nimeshaandika barua kwenda Wawi. Nimeomba mambo mawili: nitoke na wahudumu wa vijijini badala ya kukaa maabara tu, na msimamizi awe mtu anayetoka nao pia. Daktari, hoja yako ya mkwe nimeinakili. Nitaanza nayo, nione kama Wapemba wanaamua kama sisi.

Daktari_Malindi

Vema. Sijaiacha rai yangu ya Jamkhed, na ukishahitimu nitakukumbusha. Kwa sasa kabla hujasafiri: kamilisha chanjo ya homa ya ini ya B, beba kadi ya homa ya manjano, na muulize msimamizi kwa maandishi ukijichoma sindano dawa za kuzuia Ukimwi utazipata wapi. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, kadiri ya mapema ndivyo bora, na huendelea siku 28. Ukiwa kijijini siku ambayo meli haipo, jibu la "tutaona" halitoshi. Barua yako kabla ya kwenda mbele zaidi niletee niisome.