Tupeane uzoefu: Tabianchi inabadilika, tuingilie kati au tumwachie Mungu? (Watu wa Moshi, Arusha na jirani)

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Pasaka tulikusanyika nyumbani Kibosho, ukoo mzima. Baada ya chakula ubishi ukazuka. Baba mkubwa, mzee wa miaka 81, alisema njaa na ukame vilikuwepo kabla hata gari halijafika uchagani, na anayejitia kurekebisha mvua anashindana na Muumba. Mdogo wangu anayesoma Dar akamjibu kwamba moshi wa viwanda haukuumbwa na Mungu. Sauti zilipanda mpaka mama akawaomba wanyamaze.

Mimi niko upande wa mdogo wangu, ila jibu lake kwa mzee liliniuma. Kesho yake nilitembea na baba mkubwa hadi kwenye mfongo wetu, mfereji wa kumwagilia. Ulichimbwa na wazee kabla ya Wajerumani, ukipita kando ya kihamba, shamba la ukoo, kila ukoo una zamu yake ya maji. Siku hizi maji yanafika masika yakikolea tu. Desemba ni mawe na majani ya migomba. Nikamuuliza, baba, nani ameukausha? Akakaa kimya, kisha akanionyesha mikaratusi, miti inayonyonya maji mengi, iliyozunguka chemchemi kule juu. "Tuliipanda sisi, mwaka 1987. Tulitaka mbao."

Tangu siku hiyo swali la "tuingilie au tusiingilie" naliona limechelewa. Tulishaingilia.

Naomba tusikwamie kwenye theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ni kweli mwaka 1912 barafu ilienea karibu kilomita za mraba 12 na sasa haifiki hata mbili. Lakini ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya huku ilipokuwa kavu zaidi, na maji ya mito yetu kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu. Yanatoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Kwa hiyo nataka kusikia ya msitu, ya malisho, ya mashamba. Umeona nini kwa macho yako? Kwenu watu walifanya nini, na kilisaidia?

Muongozaji, Marangu

Nilianza upagazi 1998, sasa ni muongozaji. Barafu ya Furtwängler ndani ya kreta nimeikuta ni ukuta mrefu kuliko nyumba. Baadaye ikapasuka vipande viwili na inazidi kuisha. Januari 2006 mawe yaliporomoka Western Breach, njia ya kupandia upande wa magharibi, wakafa watalii watatu; sisi wa kazi hii tukajifunza kwamba barafu ndiyo ilikuwa inayashika yale mawe.

Lakini kilichoniumiza kuliko barafu ni moto wa Oktoba 2020, ule ulioanzia Whona, kituo cha kupumzikia wapandaji mlimani. Nilipanda kusaidia. Tulikuwa wengi, wanakijiji, wanafunzi, askari, tunapiga moto kwa matawi mabichi na majembe. Unauzima hapa, upepo unauvusha korongo. Miti inayoungua kule juu ndiyo ile yenye ndevu za kijivu, na ukipita chini yake asubuhi ya ukungu unalowa kama umenyeshewa wakati mvua hakuna. Hayo ndiyo maji mleta mada anayoyasema. Palipoungua nimepita mara nyingi tangu hapo, na unapita mkavu.

Ule moto ni wa mkono wa binadamu, na waliouzima ni binadamu. Wangesema tumwachie Mungu, ungeteremka hadi wapi?

Mzaliwa wa Majengo

Mimi napinga, na naomba nisitukanwe. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson walitabiri barafu ya Kilimanjaro itakwisha kati ya 2015 na 2020. Leo asubuhi nimeiona nikiwa mlangoni kwangu. Halafu Afrika nzima inatoa takribani asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia.

Kinachonisumbua ni hiki. Kila wakisema "tuingilie kati", anayeingiliwa ni mama yangu. Yeye alikuwa anaokota kuni na kukata majani ya ng'ombe nusu maili, ule ukanda uliotengwa tangu 1941 kwa ajili ya wananchi. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa ikachukua msitu. Nimemwona mama anarudi analia, panga limechukuliwa, kamba imechukuliwa. Aliyechoma makaa ya mawe Ulaya miaka mia na hamsini hajanyang'anywa panga. Nijibuni hilo kwanza.

Mfugaji, Longido

Kaka wa Majengo, pole kwa mama.

Kwetu ukame wa 2009 ulichukua ng'ombe wa baba karibu wote. Walibaki saba na punda. Nilikuwa na miaka 16. Ng'ombe anaanguka, mnamwinua kwa mkia na pembe, anasimama, anaanguka tena, na jioni mnaacha kumwinua. Baba hakuongea siku nyingi.

Baada ya hapo wazee waliturudisha kwenye alalili, sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili ndama na wagonjwa wapate pa kula kiangazi. Ni sheria ya zamani, ila ilikuwa imelegea: watu wameongezeka, wengine wamelima katikati. Tukaweka mipaka upya na faini ya ng'ombe mzima kwa anayeingiza mifugo. Kikao cha kwanza kilikuwa na ugomvi mkali, hata ndugu wa tumbo moja walinuniana. Ukame wa 2022 ukaja, na tulipoteza ng'ombe tena, lakini ndama wengi walipona. Hakuna kitabu kilichotufundisha, na mvua hatujairekebisha hata tone. Mvua inayokuja inakuta nyasi, basi.

Mama wa Machame

Shamba la chini nimeng'oa kahawa ya marehemu mume wangu, nikapanda parachichi. Kahawa ilikuwa haichanui tena kwa msimu wake, inachanua kidogo kidogo mwaka mzima, unachuma debe hapa, debe pale. Nililia siku ya kung'oa.

Mleta mada

Asanteni, aika sana. Mama wa Machame, nimeusoma ujumbe wako mara mbili.

Wa Majengo, tarehe walikosea, hilo nakupa. Ila ile unayoiona mlangoni ni mabaki. Kuhusu mama yako sina cha kukupinga: nadhani msitu ukilindwa bila yeye, atakayeulinda usiku ni nani? Na wenye moshi mwingi walipe, nakubaliana nawe kabisa.

Baba mkubwa nimemsomea ya Longido kwa simu. Aliniuliza faini ni ng'ombe mzima kweli? Jana akaitisha kikao cha mfongo. Wamekubaliana mikaratusi ya pale chemchemi ikatwe, na pembeni ipandwe miti ya asili, mikuyu na misesewe. Wenye miti wawili wamegoma, wanataka kulipwa mbao zao, na sijui tutazipata wapi pesa hizo. Kwa wengine, kazi inaanza Jumamosi saa 12 asubuhi. Mdogo wangu anapanda basi Ijumaa.

Kama kuna aliyewahi kukata mikaratusi chemchemini, aniambie: visiki mliviua vipi visichipue tena?