Tupeane uzoefu: mliokwenda bustani za burudani enzi za barakoa, mlikuta nini?

Mpanda Bembea (mwenye mada)

Wakuu, salaam. Mada za safari zipo tele, ila kipindi cha korona kila mtu anakiruka. Nataka tuongelee kitu kimoja tu: mliokwenda kwenye zile bustani kubwa za burudani kati ya 2020 na 2022, zilipofunguliwa kwa masharti, mambo yalikuwaje? Tafadhali msiniletee "ilikuwa tofauti sana" halafu mkaishia hapo. Semeni mlangoni mliambiwa nini, foleni mlikaaje, kipi kilikosekana, na kama kuna kilichokuwa kizuri kuliko siku za kawaida.

Naanza mimi. Nilikwenda Walt Disney World, Florida, vuli ya 2020. Walifunga katikati ya Machi, wakafungua bustani mbili tarehe 11 Julai na mbili zilizobaki tarehe 15. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba tiketi peke yake haikukuingiza popote. Ulitakiwa uwe umejiandikisha mapema, siku fulani, bustani fulani. Na ukishachagua moja, hakuna kuhamia nyingine siku hiyohiyo. Ruhusa ya kuhama ilirudi Januari 2021, tena kuanzia saa nane mchana.

Foleni zilikuwa kichekesho. Unafika unakuta mstari umetoka nje ya jengo, umezunguka choo, umepita duka la zawadi. Roho inakata. Kumbe kila familia imesimama kwenye alama yake sakafuni, karibu mita mbili kutoka kwa wenzao, kwa hiyo watu wachache wanaonekana umati. Ukishaingia ndani ni kutembea tu. Mahali pa kona kali waliweka vioo vya plastiki kati ya mistari, na vile vioo vilikuwa na alama za vidole vya watoto kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno.

Gwaride kubwa halikuwepo, wala fataki. Badala yake gari moja au mawili ya wahusika wa katuni yalikuwa yanakatiza ghafla bila kutangazwa muda, ili watu wasijazane barabarani. Mimi hilo nililipenda kuliko gwaride lenyewe. Hakuna kukaa chini ya jua saa nzima kulinda nafasi.

Karibuni.

Mama Mapacha

Mkuu, umesahau kusema barakoa ilikuwa lazima kuanzia miaka miwili! Wanangu walikuwa wametimiza miwili juzijuzi tu, na tulikuwa hukohuko Florida. Tulianza mazoezi nyumbani wiki kadhaa kabla, wanavaa wakiangalia katuni. Mmoja alikubali. Mwenzake aliifanya ndevu.

Na usisahau sheria ya maji. Huruhusiwi kutembea huku unakunywa. Unasimama pembeni, mbali na watu, unashusha barakoa, unakunywa, unapandisha, ndipo unaendelea. Fikiria joto la Florida na watoto wawili wenye kiu kwa zamu. Kulikuwa na sehemu za kupumzikia ambako mtu aliruhusiwa kuvua akikaa mbali na wengine, na kwa kweli sisi tulihamia huko.

Wahusika walikuwa mbali, juu ya jukwaa au nyuma ya kamba. Yule wangu wa ndevu alinyoosha mikono yote miwili akitaka kukumbatiwa. Mhusika akasimama kidogo, akajikumbatia mwenyewe kwa nguvu, akayumba kushoto na kulia, halafu akamnyooshea kidole mtoto. Mtoto naye akajikumbatia. Mpaka leo akiaga watu hapungi mkono, anajikumbatia.

Kiti cha Nyuma

Mimi nilikuwa nafanya kazi Japani. Huko hoja kubwa ilikuwa kelele. Vyama vya wenye bustani vilitoa mwongozo mwaka 2020: kwenye michezo ya kasi, wageni wajizuie kupiga mayowe, kwa sababu mate yanaruka. Watu walicheka sana. Ndipo wakubwa wawili wa bustani ya Fuji-Q Highland wakajirekodi wamepanda rola kosta yao (treni ya kasi ya kupanda na kuporomoka) ya Fujiyama, suti kamili, barakoa usoni, nyuso kavu kama wako kikaoni. Mwishoni wakaweka ujumbe wa kuwaomba wageni wapige mayowe moyoni.

Nilienda kujaribu. Wakuu, sikilizeni, rola kosta ya kimya inatisha kuliko yenye kelele. Mayowe ya wenzako yanakupa moyo bila wewe kujua. Ukinyamaza unasikia kila kitu: mnyororo unavuta chini yako, tak tak tak, bolti zinalia, upepo unapiga shati la mtu wa mbele. Tulipofika kileleni hakuna aliyesema neno. Kwenye mteremko nikasikia "mmmmmmmh" ndefu kutoka kiti cha pembeni, bibi mmoja mtu mzima amebana midomo. Tulipotua alipiga makofi.

Chatu Mpole

Kiti cha Nyuma, moyo wangu mimi ungesikika nje 😂

Fundi Skrubu

Salaam wote. Mimi nilikuwa upande wa pili, mfanyakazi. Uingereza, bustani sitaitaja. Bustani za kule ziliruhusiwa kufungua kuanzia tarehe 4 Julai 2020. Ngoja niwaeleze jambo ambalo wageni hawakulielewa, walikuwa wanatutukana sisi vijana wa kupakia watu kwenye michezo.

Mtu anaona bustani iko nusu tupu, lakini mchezo mmoja una foleni ya dakika hamsini. Anauliza, watu wenyewe wako wapi? Hesabu ni hii. Chukua treni ya rola kosta ya viti 24, viwili kila mstari. Siku ya kawaida inaondoka na watu 24. Wakati ule kila kundi linakaa peke yake, mstari mmoja unaachwa wazi katikati, na huruhusiwi kumchanganya mgeni na mgeni. Wakija wawili wawili, treni inaondoka na watu 12. Akija mtu peke yake, mstari mzima wake. Juu ya hapo kuna kusimamisha kila baada ya muda ili tufute vyuma vya kushikia na mikanda. Ukipunguza watu getini kwa nusu na treni nayo ukaipunguza kwa nusu, foleni inabaki palepale. Kilichopungua ni msongamano wa njiani, chooni na kwenye chakula.

Dawa yenyewe ilikuwa haikauki haraka. Watu walikuwa wanashuka na suruali zimelowa wanatuangalia vibaya.

Lakini kilichotuchosha kuliko vyote ni pua. Siku nzima kazi yako ni kusema "pandisha kidogo, funika pua, asante". Watoto wanatii. Wanaobisha ni watu wazima, tena wengi wao baba mmoja hivi mbele ya familia yake. Nilijifunza kutomwambia baba. Nilikuwa nageuka kwa mwanaye mdogo namwambia, "Msaidizi wangu, hebu niangalizie familia yako kama wote wamefunika pua." Dakika hiyohiyo mtoto anamkaripia baba yake. Sikuwahi kushindwa.

Mpanda Bembea

Fundi, hiyo hesabu ya treni imenifungua macho. Na hiyo mbinu ya mtoto naichukua kwa matumizi ya nyumbani.

Jirani wa Anaheim

Nyie wa Florida mlikuwa mnatuumiza roho. Sisi tuliokuwa California tulikuwa tunaona picha zenu huku Disneyland yetu imefungwa. Kampuni ileile, nchi ileile, ila kila jimbo na sheria zake. Ilifungwa tarehe 14 Machi 2020 ikafunguliwa tarehe 30 Aprili 2021. Piga hesabu, siku 412. Na ilipofunguliwa ilikuwa wakazi wa California tu, wageni wa majimbo mengine walisubiri mpaka katikati ya Juni.

Ziara yetu ya kwanza baada ya kufungwa haikuwa ya kupanda kitu. Januari 2021 kaunti iligeuza sehemu mojawapo ya maegesho ya Disneyland kuwa kituo kikubwa cha chanjo, nami nikampeleka mama, ambaye umri wake ulikuwa unaruhusu. Mahema meupe, viti vya kukunja vimepangwa mbalimbali, wazee wanatazama saa zao kungoja muda wa uangalizi uishe. Mama anasema hiyo ndiyo foleni ya Disneyland iliyokwenda haraka kuliko zote alizowahi kupanga.

Mwanafunzi Mstaafu

Shanghai hapa. Disneyland ya kule ndiyo ilifunga mapema, Januari 2020, na ikawa ya kwanza kati ya Disneyland zote kufungua, tarehe 11 Mei. Tiketi za siku ya kwanza ziliisha ndani ya dakika chache. Mlangoni ni kupimwa joto na kuonyesha msimbo wa afya kwenye simu, ukiwa kijani unapita.

Sasa sikieni ya tarehe 31 Oktoba 2021. Nilikuwa na tiketi ya kesho yake. Jioni simu zikaanza kulia kwenye kundi letu: mtu aliyekuwa ametembelea bustani kabla ya hapo amekutwa na virusi, milango imefungwa, hakuna kutoka mpaka upimwe. Ndani kulikuwa na watu zaidi ya elfu thelathini. Kulikuwa na mwenzangu wa darasani humo. Akawa anatutumia video: huku wahudumu wamevaa yale mavazi meupe ya kufunika mwili wote, vijiti vya pua mkononi, huku nyuma yao fataki zinapasuka juu ya kasri kama ratiba inavyotaka. Watu wamevaa kama wachawi na maboga maana ni Halloween, wamejipanga kupimwa. Aliniambia kilichomsumbua ni chaji ya simu, maana bila simu huna msimbo, na bila msimbo hutoki.

Majibu yote yalikuwa hasi. Bustani ikafungwa tarehe 1 na 2 Novemba, ikafunguliwa tarehe 3. Mimi nikasogeza siku yangu mbele nikaenda na betri ya ziada mbili.

Dada wa Kaskazini

Ufaransa kifupi. Disneyland Paris ilifunguliwa Julai 2020, ikafungwa tena mwisho wa Oktoba, ikarudi Juni 2021. Tulikwenda Agosti hiyo. Kuanzia tarehe 21 Julai ilikuwa lazima mtu mzima aonyeshe hati ya afya: umechanja, umepona, au una kipimo kipya. Shangazi yangu alichanjiwa nje ya Ulaya na karatasi yake haikuwa na msimbo wa kusomeka pale. Tukaenda duka la dawa, akapimwa antijeni, tukasubiri jibu nje tukiwa tumekaa kwenye kingo za barabara na masikio ya Minnie kichwani. Lilikuja. Tukaingia tumechelewa kidogo, basi.

Kijivu

Jina langu lenyewe ndiyo hadithi. Nilikuwa Abu Dhabi, mwisho wa 2021. Huko mambo yote yalikuwa kwenye AlHosn, programu ya simu ya hali yako ya korona: umechanja na kipimo chako bado hai, skrini ni kijani. Kipimo kikiisha muda, unageuka kijivu, na kijivu haingii maduka makubwa wala sehemu za burudani. Tulipanga na wenzangu kwenda Ferrari World, bustani ya burudani ya hukohuko, siku yetu ya mapumziko. Nilichotaka mimi ni Formula Rossa tu, ile rola kosta inayofika kilomita 240 kwa saa, wanakupa mpaka miwani ya upepo.

Kwenye basi kijani. Tunashuka, kijani. Tunafika kwa mlinzi, nafungua simu: kijivu. Muda wa kipimo uliisha tukiwa njiani. Mlinzi alikuwa mstaarabu, akasema pole ndugu, kapime urudi. Wenzangu waliingia wakiwa wananishika bega kama nafiwa. Siku nilipofanikiwa kurudi nilipima asubuhi ya jana yake, nikapanda mara mbili mfululizo kwa sababu hapakuwa na watu.

Chatu Mpole

Mimi nitasema kinachokwepwa. Mlilipa pesa ya mzigo mzima mkapewa nusu. Hakuna fataki, hakuna gwaride, nusu ya migahawa imefungwa, picha ya mchezoni ukishusha barakoa hawakuuzii. Bora mngesubiri.

Mpanda Bembea

Chatu, una hoja, na kwa aliyekwenda kwa ajili ya fataki nakubaliana nawe kabisa. Kwenye Magic Kingdom, moja ya bustani za Walt Disney World, zilirudi Julai 2021, angesubiri. Lakini tulio wapenzi wa kupanda vitu tulipata kile ambacho siku za kawaida kinauzwa kwa nyongeza, yaani nafasi ya kupita. Tazama, Mama Mapacha alikosa kukumbatiwa, mwanaye ana salamu yake. Kiti cha Nyuma kapata bibi wa "mmmmh". Mimi sioni nusu hapo.

Mama Mapacha

Swali kabla sijalala: ule utaratibu wa kujiandikisha siku bado upo? Nataka kuwarudisha, sasa wako shule.

Mpanda Bembea

Mama, kwa Walt Disney World, tangu tarehe 9 Januari 2024 tiketi ya kawaida yenye tarehe haihitaji tena kujiandikisha. Anaheim, yaani Disneyland ya California, wao waliendelea nao, kwa hiyo kagua kabla hujalipa. Kuagiza chakula kwa simu nako kumebaki, na kwa watoto wenye njaa usikose kukitumia: agiza ukiwa bado kwenye foleni ya mchezo.

Bado namsubiri mtu wa Hong Kong. Disneyland ya kule ilifungwa Januari 2020, ikafunguliwa Juni, ikafungwa Julai, ikafunguliwa Septemba, ikafungwa Desemba, ikafunguliwa tena Februari 2021. Lazima humu kuna mtu alinunua tiketi katikati ya huo mchezo wa mlango.